Audrey Richards, Bibi Aliyepima Ugali wa Watu

Hapa Kinoru, pembeni mwa mji wa Meru, si ajabu kusikia hodi asubuhi na kumkuta kijana amesimama mlangoni na mkoba begani. Zamani alikuja na karatasi na kalamu. Siku hizi ameshika simu. Atauliza nyumba hii ina watu wangapi, nani mwenye kauli, maji mnateka wapi, na jana mlikula nini. Wenye subira humjibu. Wengine humtazama juu mpaka chini, kisha wakamwuliza yeye: ametumwa na nani, na majibu anayapeleka wapi? Tena wapo wanaomdanganya kwa makusudi, wakasema jana walikula wali kwa nyama, ili heshima ya nyumba isipotee mbele ya mgeni.

Swali hilo la jana mlikula nini lina historia yake. Mmoja wa watu wa kwanza kuliuliza kwa utaratibu katika vijiji vya Afrika, tena asiridhike na jibu mpaka chakula chenyewe kimetiwa mizanini, alikuwa bibi wa Kiingereza, Dr. Audrey Isabel Richards. Ndiye baadaye aliyekuja kukisimamisha chuo cha uchunguzi wa jamii kule Makerere, chuo kilichowafundisha kazi hiyo watu wengi walioiandika Afrika Mashariki. Miaka zaidi ya arobaini imepita tangu afariki, na katika nchi zetu jina lake halitajwi sana nje ya vyuo vikuu. Hata hivyo, kila anayebisha hodi na orodha ya maswali anafuata njia ambayo bibi huyu alisaidia kuifyeka.

Alizaliwa London mwezi wa Julai mwaka wa 1899, binti wa pili katika mabinti wanne. Baba yake, Sir Henry Erle Richards, alikuwa mwanasheria mkubwa, na kazi ilimpeleka India kuwa mshauri wa sheria katika serikali ya mtawala mkuu wa Kiingereza. Kwa hiyo Audrey alipata sehemu ya utoto wake Calcutta. Waliporudi Uingereza baba yake alikuwa profesa wa sheria za mataifa pale Oxford. Binti yeye aliingia Newnham College, Cambridge, mwaka wa 1918, akasoma elimu ya viumbe na maumbile. Jambo hili lafaa likumbukwe, kwa sababu mtu aliyezoea kupima vitu katika maabara hawezi kuacha tabia hiyo hata akiwa kijijini.

Baada ya masomo hakujua upesi afanye nini. Alifundisha shule kwa muda, akawa mwandishi wa Profesa Gilbert Murray, akaenda Ujerumani kusaidia jamii zilizoumizwa na Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi London katika chama kilichounga mkono Shirika la Mataifa. Nadhani njaa aliyoiona Ujerumani haikumtoka moyoni, ingawa hilo ni wazo langu tu. Ilikuwa karibu na mwaka wa 1928 alipoingia London School of Economics, akakaa chini ya mwalimu ambaye jina lake lilikuwa linavuma, Bronislaw Malinowski.

Malinowski, mzaliwa wa Poland, ndiye yule aliyewafundisha wanafunzi wake kwamba haifai kuandika habari za watu ukiwa umekaa barazani kwa mkuu wa wilaya, ukiletewa wazee wakuhadithie kupitia mkalimani. Sharti uende ukaishi nao, ujifunze lugha yao, uone wanavyolima, wanavyogombana na wanavyozika. Katika darasa lake ndimo alimopita pia Jomo Kenyatta, ambaye kitabu chake juu ya Wakikuyu kilitoka mwaka wa 1938. Mwaka wa 1929 Malinowski alitoa kitabu juu ya mambo ya mapenzi na ndoa katika visiwa vya Trobriand, na watu wengi wakakigombania, kwa sababu zinazofahamika. Mwanafunzi wake Richards alikuja na hoja yake mwenyewe: kwamba chakula ni haja kubwa kuliko hiyo nyingine. Mwanadamu aweza kukaa miaka bila ya mwenzi, lakini hawezi kukaa wiki kadhaa bila ya kula, na kwa hiyo jamii nzima hujengwa kuzunguka chungu. Nani analima, nani anapika, nani anakula na nani, nani hugawa na nani hunyimwa: humo ndimo undugu unamoonekana. Kitabu chake cha kwanza cha mwaka wa 1932 kilieleza hayo, naye alikiandika kwa kusoma maandishi ya wengine juu ya watu wa kusini mwa Afrika.

Lakini wakati huo alikuwa amekwisha kwenda mwenyewe. Mwaka wa 1930 alifika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akaingia katika nchi ya Wabemba. Alikaa huko mpaka 1931, akarudi tena 1933 hadi 1934. Bibi peke yake, hana mume, hana cheo cha serikali, anahama kijiji hata kijiji na hema lake, mizani na madaftari.

Wabemba walikuwa wakilima kwa desturi yao ya kukata matawi ya miti, kuyakusanya mahali pamoja, kuyachoma, na kupanda ulezi katika majivu, ulezi ule ambao wengi hapa Kenya huuita wimbi. Ugali wa ulezi ndio uliokuwa chakula. Mtu aliyekula karanga, mahindi ya kuchoma na matunda ya porini mchana kutwa angekuambia bila ya wasiwasi kwamba leo hajala. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi hapo. Wala ugali haukuliwa mtupu. Sharti pawe na kitoweo.

Richards aliandika siku kwa siku kila mtu wa kijiji alifanya kazi gani, nani alikwenda shambani na nani alilala. Alipima kilichopikwa na kutazama kilikoishia. Ndipo alipogundua mambo ambayo maofisa hawakuyaona. Maofisa walisema Wabemba ni wavivu. Yeye aliona kwamba katika miezi ya njaa, mvua zinaponyesha na maghala yamekwisha, watu hawana nguvu ya kulima wakati ule ule ambao shamba linawahitaji. Aliona pia kwamba nyumba yaweza kuwa na nafaka na bado watu wakalala bila ya chakula, kwa sababu mama amerudi amechoka, unga haujasagwa, kuni hazijakatwa, na kitoweo hakuna. Chakula si kilicho ghalani tu. Chakula ni jasho la mwanamke kutoka ghalani hadi chunguni. Mwaka wa 1936 yeye na mtaalamu wa lishe, Elsie Widdowson, walichapa hesabu za lishe hiyo, na mwaka wa 1939 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya ardhi, kazi na chakula katika Rhodesia ya Kaskazini.

Sababu nyingine aliyoitaja ni migodi ya shaba. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda huko kutafuta fedha za kodi na nguo, na bila wanaume hapakuwa na wa kupanda miti kukata matawi. Aliona kilimo cha Wabemba kinakwenda kuvunjika. Hapa sharti tuseme kweli kwamba hakupata kila jambo. Miaka mingi baadaye wachunguzi wawili, Henrietta Moore na Megan Vaughan, walirudi katika nchi ile ile wakiwa na kitabu chake mkononi, na mwaka wa 1994 wakatoa chao. Walionyesha kwamba wanawake wa Kibemba hawakukaa wakingoja kilimo kife. Walishika muhogo, wakabadili mashamba, wakapata njia zao za kujipatia wafanya kazi. Lakini waliweza kumsahihisha kwa sababu madaftari yake yalikuwa na mambo mengi kuliko fikira zake mwenyewe. Hiyo si sifa ndogo.

Mwaka wa 1931, akiwa huko huko, Wabemba walimruhusu kuhudhuria chisungu, yaani ngoma ya unyago ya wasichana waliovunja ungo. Ilichukua siku ishirini na tatu. Haina tohara ndani yake. Kuna nyimbo, michezo ya kumjaribu mwari, sanamu za udongo ziitwazo mbusa na michoro ya ukutani, na yuko kungwi mkuu anayeongoza yote. Wanawake walimwambia kuwa wanawafundisha wasichana. Richards akajiuliza: wanawafundisha nini? Wasichana wale walikuwa wanajua kulima na kupika tangu utoto. Akaona kwamba wanachopewa ni haki ya kuitwa wanawake, na uzito wa kuyatenda mambo yale kama watu wazima. Aliona pia kuwa sanamu moja haina maana moja. Kila kungwi ana yake, na zote ni za kweli. Kitabu cha chisungu hakikutoka ila mwaka wa 1956, robo ya karne baada ya ngoma yenyewe.

Mwaka huo wa 1956 una maana yake hapa kwetu. Ndio mwaka ambao wazee wa Njuri Ncheke, wakiwa na serikali ya kikoloni nyuma yao, walipiga marufuku kutahiriwa kwa wasichana katika Meru. Yaliyofuata yanajulikana: wasichana walijikusanya wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, jina lenye maana ya nitajitahiri. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walifikishwa katika mabaraza ya kesi kwa kuvunja amri hiyo. Leo sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 inakataza kabisa jambo lile, na wazee wengi wa Meru wako upande wa sheria. Lakini ukiuliza kwa nini amri ya 1956 ilipingwa na wale wale iliyodai kuwalinda, utafika kwenye swali la Richards, la nini hasa msichana anapewa siku ile na nani mwenye haki ya kumpa. Waliopiga marufuku hawakuwauliza wasichana.

Sasa tuje kwa vyuo. Elimu ya namna hii yataka fedha, na fedha ina mwenyewe. London palikuwa na chama cha watu binafsi kilichoundwa mwaka wa 1926 kwa ajili ya kuchunguza lugha na desturi za Afrika, ambacho leo huitwa International African Institute. Hakikuwa idara ya serikali, ingawa mwenyekiti wake alikuwa Lord Lugard, aliyepata kuwa gavana, na fedha nyingi zilitoka kwa tajiri Rockefeller wa Marekani. Richards alikuwa mtu wa jamii hiyo. Chama hicho ndicho kilichoandikisha pia habari za kwetu: mwaka wa 1953 kitabu cha John Middleton chenye habari za Wakikuyu, Waembu, Wameru, Wambeere, Wachuka, Watharaka na Wakamba, mwaka wa 1956 kile cha H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa Meru na ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa uchunguzi wake wa lahaja za pwani. Na mwaka wa 1959 kile cha padre Bernardo Bernardi juu ya Mugwe wa Wameru. Ona tarehe hizo. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Mtu wa Meru au wa Embu aliyeulizwa na Mzungu wakati huo juu ya viapo, rika na wazee alikuwa na sababu ya kufikiri mara mbili.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Richards aliitwa kufanya kazi katika Wizara ya Makoloni, London. Mwaka wa 1944 likaundwa baraza la kusimamia uchunguzi wa jamii katika makoloni, naye akawa mmoja wa wajumbe wake. Baraza hilo likaamua pawe na chuo cha uchunguzi Afrika Mashariki, kiwe Makerere, kihudumie Uganda, Kenya na Tanganyika pamoja. Mkuu wa kwanza, W. E. H. Stanner wa Australia, aliondoka kabla chuo hakijasimama. Mwaka wa 1950 akaja Richards, umri miaka hamsini na mmoja, akakishika mpaka 1956.

Fedha zilitoka London. Basi kilikuwa chuo cha nani? Serikali ilitaka majibu ya kuifaa kutawala. Watafiti walitaka elimu. Watu wa vijijini hawakuulizwa kama wanataka chochote. Richards alijaribu kukaa katikati. Aliwaweka watafiti vijijini kwa muda mrefu, kisha akawakusanya Makerere kwa mikutano, kila mmoja asome karatasi yake na wenzake waishambulie. Katika siku zake walipita Lloyd Fallers, aliyeandika juu ya machifu wa Busoga, Aidan Southall wa habari za Waalur, Jean La Fontaine aliyekwenda kwa Wagisu, na Walter Elkan, mtaalamu wa uchumi. Alikuwamo Mwafrika A. B. Mukwaya, ambaye maandishi yake ya mwaka wa 1953 juu ya umilikaji wa ardhi Buganda bado yanasomwa na wanaotaka kuelewa mashamba ya mailo. Walioongoza walikuwa Wazungu, na Waafrika wengi walikuwa wasaidizi tu wa kuuliza na kutafsiri. Hilo lilikuwa kosa la wakati ule, lakini ni kosa.

Kazi yake mwenyewe ya Uganda iliyonivutia zaidi ni ile ya wageni wa Buganda, iliyochapwa mwaka wa 1954. Kwa hesabu ya watu ya 1948, karibu thuluthi moja ya wakazi wa Buganda hawakuwa Waganda. Wengi walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Ruanda na Urundi, wakiwakimbia njaa, kodi na kazi za shuruti za Wabelgiji, kuja kulima pamba na kahawa. Watu wa Richards waliwauliza wametoka wapi, wamekula nini njiani, mshahara ni kiasi gani, watarudi lini. Wengi hawakurudi. Walipata vishamba kwa wenye mailo, wakajifunza Luganda, wakawapa watoto majina ya Kiganda, na baada ya muda jirani hakujua tena nani ametoka wapi. Msomaji anayekumbuka jinsi watu wenye asili ya Rwanda walivyofukuzwa makwao magharibi ya Uganda mwaka wa 1982 atajua kwamba swali la nani mgeni na mpaka lini halikuwa la vitabuni.

Katikati ya miaka hiyo, tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alimkamata Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka Uingereza. Buganda nzima ikaingia katika majonzi na hasira, na Kabaka hakurudi ila Oktoba 1955. Si vigumu kufahamu hali ya chuo cha Wazungu wenye madaftari, kilicho juu ya kilima cha Makerere, mbele ya watu waliong'olewa mfalme wao. Richards hakuacha kazi. Aliendelea kuuliza vijijini, na baadaye, mwaka wa 1966, alitoa maandishi juu ya kijiji kimoja cha Kiganda, Kisozi, akionyesha kilivyobadilika kutoka 1892 hadi 1952: nani alikuja, nani alikufa, ardhi ilipitia mikono gani.

Chuo chake hakikufa na ukoloni. Kimeitwa Makerere Institute of Social Research, na kuanzia mwaka wa 2010 kiliongozwa na Mahmood Mamdani, aliyelalamika sana kwamba watafiti wetu wamegeuka vibarua wa kujibu maswali yaliyotungwa na wafadhili ng'ambo. Jina la mfadhili limebadilika tangu mwaka wa 1950. Lalamiko ni lile lile.

Richards alirudi Cambridge, chuoni kwake Newnham. Kuanzia 1959 hadi 1961 aliongoza Royal Anthropological Institute, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na alisaidia kuanzisha pale Cambridge kituo cha masomo ya Afrika. Hakuolewa. Waliomjua wamemsifu kwa ucheshi wake.

Alikuwa amepata nyumba katika kijiji kidogo cha Elmdon, wilaya ya Essex. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akafanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifikiria. Aliwachukua wanafunzi wa Cambridge, akawapa orodha ya maswali, akawatuma wakabishe hodi kwa majirani zake mwenyewe. Baba wa babu yako alikuwa nani? Shamba hili lilikuwa la nani? Mmeoa wapi? Waingereza wa Elmdon wakajikuta wanaulizwa undugu na koo kama Wabemba na Waganda. Ikaonekana nao wana ukoo wanaouona kuwa wenyeji wa kweli na wengine wanaowaita wageni, hata kama mgeni amekaa miaka thelathini. Mtafiti Marilyn Strathern aliyatumia madaftari hayo katika kitabu chake cha 1981.

Lakini kabla ya hapo, mwaka wa 1975, Richards na mwenzake Jean Robin walikuwa wametoa kijitabu chao juu ya jamaa za Elmdon. Vitabu vyake vya Wabemba na Waganda vilikuwa vimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa Uingereza. Wenye habari hizo, wengi wao, hawakuweza kuvisoma. Elmdon waliweza kufungua ukurasa, kumtafuta babu yao, na kumwendea Bibi Richards mlangoni kwake kumwambia amekosea. Alifariki Juni 1984, zimebaki siku chache atimize miaka themanini na mitano.